Uraia wa asili na kiti cha urais wa Kongo: maswali yanayoulizwa sana Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, mazungumzo ya nani anaweza kuwa rais hayangoji mwaka wa uchaguzi. Yanaanzia kwenye meza za magazeti karibu na Posta, yanapanda gari mpaka Kasumbalesa, na mara nyingi yanaishia kwenye jina la mtu mmoja na damu ya baba yake. Tumekusanya maswali yanayorudi kila mara kutoka mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Bel-Air, na tumeyajibu kwa kufuata maandishi ya sheria. Pale tulipoweka maoni yetu, msomaji atayatambua.

Katiba inasema nini hasa?

Ibara ya 72 inaweka masharti manne: mgombea awe na uraia wa Kongo wa asili, awe na umri usiopungua miaka 30, awe na haki zake zote za kiraia na kisiasa, na asiwe miongoni mwa wanaozuiwa na sheria ya uchaguzi. Basi. Haisemi azaliwe ndani ya mipaka. Haitaji kabila, jimbo, dini wala rangi. Na hakuna mahali inaposema wazazi wote wawili. Katiba hiyo ilipigiwa kura ya maoni Desemba 2005, ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006. Ilirekebishwa mwaka 2011, lakini ibara ya 72 haikuguswa.

Nimezaliwa hospitali ya Sendwe, nimesomea hapa, sijui nchi nyingine. Hiyo haitoshi?

Peke yake haitoshi. Kongo inafuata damu kuliko udongo. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi na wazazi wageni anaweza kuomba uraia akifikia utu uzima, ikiwa ameishi nchini, lakini uraia huo unahesabiwa kuwa wa kupewa. Anaweza kupiga kura, anaweza hata kugombea ubunge, kwa sababu ibara ya 102 inamtaka mbunge awe Mkongomani tu. Urais ndio ataukosa. Inauma kwa mtu ambaye hajawahi kulala usiku mmoja nje ya Haut-Katanga, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtoto wa Mkongomani aliyezaliwa Bruxelles au Johannesburg, asiyejua hata njia ya kwenda Kipushi, ni Mkongomani wa asili.

Mama yangu ni Mkongomani, baba ni Mgriki. Mimi ni nusu?

Mbele ya sheria hakuna nusu. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, kifungu cha 7, inasema mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongomani, naye ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Mji huu ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville umejaa Wagriki, Waitalia, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Wareno, Wahindi na Walebanoni tangu siku za reli na shaba. Watoto waliozaliwa nao na mama zetu wako kila mtaa. Wengine wanabeba jina la baba. Wengine baba hakuwatambua, wakakulia kwa mjomba. Wote wanapata uraia uleule kupitia mama, na wanaupata siku ya kuzaliwa, hata kama karatasi imekuja miaka 20 baadaye.

Tunalikazia hili kwa sababu bado kuna madirisha ya ofisi ambapo mwenye nywele laini anaulizwa "asili yako wapi?" kwa sauti ambayo aliyesimama nyuma yake kwenye foleni haulizwi.

Kwa nini sheria inazungumzia makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru?

Kwa sababu uraia lazima uanzie mahali fulani. Mtoto ni raia kwa kuwa mzazi ni raia. Mzazi naye kwa kuwa babu alikuwa raia. Lakini babu aliupata wapi? Kila sheria ya Kongo imechagua tarehe ya kusimamisha hesabu hiyo, na tarehe imehama mara nyingi.

Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilisema: yeyote ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokaa Kongo kabla ya 18 Oktoba 1908. Ule ndio mwaka Ubelgiji ilipoitoa nchi mikononi mwa mfalme Leopold II. Mwaka 1971 Mobutu alitoa amri iliyowapa uraia watu wa Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokuwa wamekaa nchini kufikia 30 Juni 1960. Mwaka uliofuata, sheria ya 5 Januari 1972 ikarudisha mpaka nyuma: kwa watu hao wa Kivu, wawe wamekaa kabla ya 1 Januari 1950. Kisha sheria ya 29 Juni 1981 ikafuta hayo yote na kupeleka hesabu hadi 1 Agosti 1885. Watu wengi wa Kivu waliolala wakiwa raia waliamka wakiwa wageni, bila wao kuhama nyumba, na damu iliyomwagika huko miaka ya 1990 haiwezi kuelezwa bila kuitaja sheria hiyo. Sheria ya 2004, iliyokuja baada ya mazungumzo ya amani ya Sun City, Afrika Kusini, ilirudi kwenye uhuru, 30 Juni 1960, na Katiba ya 2006 ikakubali hivyo katika ibara ya 10.

Sisi wa Katanga tunapenda kuona mambo hayo kuwa ya Kivu. Tuangalie nyumbani basi. Bayeke wa Bunkeya, watu wa mfalme Msiri, walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, katikati ya karne ya 19. Msiri aliuawa na watu wa Leopold Desemba 1891. Leo hakuna anayewauliza Bayeke kama ni Wakongomani, na kwa haki kabisa. Lakini chagua tarehe ya zamani kidogo tu, nao wangekuwa wageni. Kampuni ya migodi ya Union Minière nayo ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na, miaka ya 1920, kutoka Ruanda-Urundi. Wajukuu wao wako Lubumbashi, Likasi na Kipushi, na wengi hawajui babu alishuka kwenye treni gani.

Mimi ni Mlamba. Ndugu zangu wengine wako ng'ambo, Zambia. Wao pia ni Wakongomani wa asili?

Mpaka uliwapasua Walamba, Waaushi, Wabemba na Walunda, na sheria ya kabila ina mdomo mpana hapo. Ukiisoma kwa haraka ungedhani kila Mbemba wa Kasama anaweza kuja kudai kiti Kinshasa. Lakini kifungu kinataja watu pamoja na ardhi: makabila ambayo watu wake na eneo lake viliunda kile kilichokuwa Kongo wakati wa uhuru. Ndugu zako waliokuwa ng'ambo mwaka 1960 waliingia katika hesabu ya Zambia, iliyopata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Ndiyo maana kwa vitendo kabila peke yake halimalizi kesi. Utaulizwa mzazi ni nani, na alikuwa raia wa wapi ulipozaliwa.

Baba yangu alipewa uraia wa Kongo kabla sijazaliwa. Je, naweza kugombea urais?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Kwa sheria ya 2004, ulizaliwa na mzazi ambaye tayari ni Mkongomani, kwa hiyo wewe ni raia tangu kuzaliwa, na sheria hiyo inaweka uraia wa kurithi kwa mzazi katika sura ya uraia wa asili. Lakini ibara ya 10 ya Katiba inapomweleza Mkongomani wa asili inataja makabila tu. Maandishi haya mawili hayakai vizuri kwenye kiti kimoja. Sisi tunaona sheria ya 2004 ndiyo inayofafanua Katiba, maana bila hivyo hata mtoto wa kuokotwa asingekuwa na asili yoyote. Mwanasheria wa upande wa pili angekuwa na la kusema, na kesi ya namna hiyo ingefika mahakamani asubuhi na mapema.

Baba yako mwenyewe hawezi. Uraia wa kupewa, uwe kwa ombi, kwa ndoa au kwa kuasiliwa, haumfungulii mtu mlango wa urais hata akae miaka 50.

Na mtoto aliyeokotwa?

Mtoto mchanga aliyeokotwa Kongo na wazazi wake hawajulikani, sheria inamchukulia kuwa Mkongomani wa asili. Akijulikana kuwa mtoto wa mgeni kabla hajatimiza umri wa utu uzima, na nchi ya mgeni huyo ikamtambua, anahesabiwa kama hakuwahi kuwa Mkongomani. Vinginevyo, ndiyo, anaweza kuwa rais.

Nina pasipoti ya Ubelgiji. Kuna shida?

Ipo, na ni hapa wanasiasa wengi wanapokwama, kuliko kwenye asili yenyewe. Ibara ya 10 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee. Hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Sheria ya 2004 inaongeza kwamba Mkongomani anayepata uraia wa kigeni anapoteza wa Kongo. Hakuna barua unayoandikiwa, hakuna hakimu anayekuita. Unaapa mbele ya ofisa wa nchi nyingine, na kisheria umeshatoka.

Kila mtu anajua kwamba nchi imejaa wenye karatasi mbili. Mwaka 2007 Bunge la Kinshasa lilipoanza kuchunguza wabunge wake, ilionekana wenye uraia wa pili ni wengi, wakapewa muda wa kujirekebisha, na jambo likalala. Tangu hapo sheria imekuwa kama mbwa aliyefungwa kambani: anafunguliwa kwa mgeni fulani tu. Wakongomani wa ng'ambo wamekuwa wakidai uraia wa asili usifutike kamwe, na tunadhani wana hoja. Pesa wanazotuma zinapokelewa bila kuulizwa zimetoka kwa raia wa nani.

Nikirudisha uraia wa Kongo, unarudi ukiwa wa asili?

Sheria ya 2004 inaruhusu aliyekuwa Mkongomani wa asili kuurudia uraia wake. Mfano unaotajwa sana ni wa Samy Badibanga, aliyeteuliwa waziri mkuu mwishoni mwa 2016 baada ya kuwa raia wa Ubelgiji. Mwaka 2018 CENI, tume ya uchaguzi, ilikataa faili yake ya urais kwa sababu ya uraia wa asili. Mahakama ya Katiba ikamrudisha kwenye orodha, akagombea. Kwa hiyo mlango upo, lakini usisubiri wiki ya kuweka faili ndipo uanze kutafuta karatasi.

Moïse Katumbi je? Tuambieni ukweli.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote mjini hapa, kwa hiyo tulitenganishe vipande viwili ambavyo watu huvichanganya.

Kipande cha kwanza ni asili. Katumbi alizaliwa Kashobwe, karibu na mto Luapula, mwaka 1964. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Mama yake ni Mkongomani. Kwa kifungu cha 7, mjadala umefungwa: ni Mkongomani tangu kuzaliwa, na gavana wa zamani wa Katanga hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuitwa hivyo.

Kipande cha pili ni upekee. Machi 2018 gazeti la Jeune Afrique liliandika kwamba alikuwa na uraia wa Italia kuanzia mwaka 2000 hadi 2017. Hapo hoja si tena damu ya Soriano. Hoja ni kama alipoteza uraia wa Kongo na kama aliurudisha. Mwaka huo suala halikufika hata mezani kwa CENI. Mwanzoni mwa Agosti 2018, zikiwa zimebaki siku chache faili zifungwe, ndege yake ilinyimwa kibali cha kutua Lubumbashi. Akazungukia Zambia, akafika Kasumbalesa kwa barabara, na kule mpakani akazuiwa. Waliokuwepo upande wetu wanakumbuka moshi wa mabomu ya machozi na vijana wenye fulana za TP Mazembe wakikimbia kati ya malori ya shaba. Hakuna hakimu aliyetoa hukumu juu ya uraia wake siku hiyo. Lango lilifungwa tu.

Mwaka 2023 mambo yalikwenda tofauti. Noël Tshiani, aliyekuwa mgombea pia, alipeleka ombi Mahakama ya Katiba akitaka jina la Katumbi liondolewe kwa sababu ya uraia. Tarehe 30 Oktoba Mahakama ilisema ombi halina msingi. Katumbi aligombea tarehe 20 Desemba na kutangazwa wa pili, akiwa na asilimia 18 hivi, nyuma ya Félix Tshisekedi. Anayependa au asiyependa matokeo hayo, suala la kisheria lilijibiwa na wenye mamlaka ya kulijibu.

"Sheria ya Tshiani" imeshapita?

Hapana. Ni pendekezo. Noël Tshiani alilitetea hadharani, na mbunge Nsingi Pululu aliliweka mezani Bungeni Julai 2021, likarudishwa tena 2023. Lilitaka urais na vyeo vingine vikubwa vya dola viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongomani wote wawili. Watetezi wake wanasema mwenye mzazi mmoja mgeni anaweza kuvutwa na nchi mbili siku ya vita, na katika nchi iliyoshambuliwa mara nyingi kutoka mashariki, hofu hiyo haitoki hewani.

Tuna mambo mawili ya kusema. La kwanza ni la kisheria: masharti ya rais yako kwenye Katiba, na sheria ya kawaida haiwezi kuongeza sharti la asili ambalo Katiba haikuliweka. Kulifanya kweli, ingebidi kugusa Katiba yenyewe. La pili: walioiuza nchi hii tangu 1960 hadi leo, kwa madini au kwa mikataba, wengi wao walikuwa na baba na mama Wakongomani kabisa. Sheria inayopima usaliti kwa cheti cha mama mzazi inatazama mahali pasipo na kitu. Na kila mtu mjini alijua imeshonwa kwa kipimo cha nani.

Zambia si walifanya hivyohivyo?

Walifanya, na kwa kuwa ni jirani tunayemwona kwa macho, tukae hapo kidogo.

Mwaka 1996 serikali ya Frederick Chiluba ilibadili Katiba: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia wa kuzaliwa au wa kurithi. Mlengwa alikuwa Kenneth Kaunda, aliyeongoza nchi tangu uhuru hadi 1991 na sasa alitaka kurudi. Yeye alizaliwa Lubwa, Chinsali, lakini baba yake alikuwa mwalimu wa misheni kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kaunda akazuiwa. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Ndola ilifika mbali zaidi ikasema hana uraia wa nchi yoyote. Mtu aliyeitawala Zambia miaka 27, bila nchi! Mahakama ya juu ilimrudishia uraia mwaka 2000.

Sehemu tamu ni hii. Baada ya uchaguzi wa 1996 wapinzani walimgeuzia Chiluba fimbo yake mwenyewe. Walimpeleka mahakamani wakidai kwamba baba yake hakuwa Mzambia, na Kongo yetu ikatajwa kwenye kesi hiyo. Mwaka 1998 mahakama ya juu ilikataa madai, ikieleza kwamba wakati wa uhuru wa 1964 wakazi wengi hawakuwa na uraia wowote wa kuitwa wa Zambia, kwani Zambia yenyewe haikuwepo. Hoja hiyo ndiyo iliyomwokoa Chiluba, na ukiitazama vizuri ingemfaa Kaunda pia.

Sharti likaendelea kung'ata. Michael Sata alipofariki Oktoba 2014, makamu wake Guy Scott, Mzungu aliyezaliwa Livingstone, alikaimu urais kwa miezi mitatu hivi, lakini hakuweza kugombea kwa sababu ya wazazi wake. Mwaka 2016 Wazambia walilifuta sharti la wazazi. Sasa mgombea anatakiwa awe raia wa kuzaliwa au wa kurithi, awe na miaka 35, na awe amemaliza darasa la 12.

Côte d'Ivoire?

Kule waliandika "baba na mama" kwenye Katiba ya 2000, na Alassane Ouattara akabaki nje. Nchi iligawanyika kwa vita tangu 2002. Mwaka 2005, baada ya mazungumzo mengi, Laurent Gbagbo alimruhusu kwa uamuzi wa pekee; Ouattara akagombea 2010 na kushinda. Katiba ya 2016 ikasema "baba au mama". Neno dogo hilo liligharimu maisha ya watu wengi kabla ya kubadilishwa.

Na bado hawajamaliza. Aprili 2025 mahakama ya Abidjan ilimwondoa Tidjane Thiam kwenye orodha ya wapiga kura, kwa hoja kwamba alipoteza uraia wa nchi yake alipochukua wa Ufaransa mwaka 1987, ingawa alikuwa ameshauacha wa Ufaransa Machi 2025. Mwenye masikio Kinshasa amesikia.

Marekani nako ni kuzaliwa tu?

Katiba yao inataka raia wa kuzaliwa, miaka 35, na awe ameishi nchini miaka 14. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, aliweza kuwa gavana wa California lakini si rais. John McCain alizaliwa kwenye eneo la mfereji wa Panama, Ted Cruz alizaliwa Calgary, na wote waligombea. Barack Obama alizaliwa Honolulu, akalazimika kuchapisha cheti chake kirefu Aprili 2011 kwa sababu ya uvumi kwamba alizaliwa Kenya. Kwa hiyo kelele za aina hii si za Waafrika peke yao.

Tanzania na Kenya?

Zote mbili zinataka raia wa kuzaliwa. Tanzania inaongeza miaka 40. Kenya inaruhusu uraia pacha kwa raia wa kawaida.

Kuna nchi zisizojali?

Zipo. Ufaransa inataka mgombea awe Mfaransa tu. Manuel Valls, mzaliwa wa Barcelona aliyepewa uraia akiwa kijana, alikuwa waziri mkuu kisha akatafuta tiketi ya chama chake ya urais mwaka 2017. Uingereza iliongozwa na Boris Johnson, mzaliwa wa New York. Karibu nasi, Botswana inataka raia wa kuzaliwa au wa kurithi, lakini Ian Khama, aliyezaliwa Uingereza na mama Mwingereza, alitawala miaka 10 na kuondoka muda wake ulipokwisha.

Mimi ni Mkasai niliyezaliwa Kamalondo. Wananiambia si "mwana wa hapa". Inanizuia chochote?

Kwenye urais, hakuna. Uraia ni wa nchi, haukatwi kwa majimbo. Tunajua swali hili limetoka wapi: miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga, wakalala kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa. Waliofukuzwa walikuwa Wakongomani wa asili kwa kila tarehe iliyowahi kuandikwa, 1885 ikiwemo. Sheria haikuwasaidia, kwa kuwa waliowafukuza hawakuwa wakisoma sheria.

Rais akifariki, rais wa Seneti anakaimu. Naye lazima awe wa asili?

Ibara ya 106 inamtaka seneta awe Mkongomani mwenye miaka 30, bila kutaja asili, na ibara za ukaimu hazisemi zaidi. Wamarekani waliziba tundu hilo. Kwao asiye raia wa kuzaliwa anarukwa kwenye mstari wa kurithi. Sisi tumefunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, tukasahau dirisha la jikoni.

Naweza kuthibitishaje uraia wangu wa asili?

Kwa sertifika ya uraia, inayotolewa na waziri wa sheria. Kadi ya mpiga kura, ambayo wengi tunaitumia kama kitambulisho, haitoshi kwa kazi hiyo. Tena ichomoe mfukoni uitazame: nyingi za zile zilizotolewa 2023 zimefifia, picha imekuwa kivuli cheupe, jina linasomeka nusu, na polisi wa barabarani anaishika juani akiigeuza huku na huku.

Mzizi wa karatasi zote ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto aandikishwe komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ndani ya siku 90, bila malipo. Karatasi ya maternite peke yake si cheti cha kuzaliwa; wazazi wengi huiweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro wakidhani wamemaliza. Siku 90 zikipita, itabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu inayochukua nafasi ya cheti, ile wanayoiita jugement supplétif, na hapo ndipo gharama na mizunguko inapoanza.

Katiba ikibadilishwa, sharti hili linaweza kuguswa?

Linaweza. Ibara ya 220 inafunga mambo kadhaa yasiguswe, ikiwemo idadi na urefu wa mihula ya rais, lakini sharti la uraia halimo. Marekebisho yanapitishwa kwa kura ya maoni, au na Bunge na Seneti vikikaa pamoja kwa theluthi... hapana, watu hukosea hapa: ni tatu ya tano ya wajumbe. Ibara ya 219 inakataza marekebisho wakati wa vita au hali ya dharura, na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuandaa Katiba mpya. Anayejali suala la "baba na mama" afuatilie huko kuliko kusubiri muswada wa uraia.

Mwanangu alizaliwa Ndola, mama yake ni Mzambia. Nifanye nini sasa?

Mwandikishe kwa ubalozi mdogo wa Kongo au kwenye komini ukirudi naye, ukiwa na cheti chake cha Zambia kilichotafsiriwa kwa Kifaransa. Kupitia kwako ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Kupitia mama yake, Zambia nayo inamtambua. Akiwa mdogo hakuna atakayemsumbua. Akija kutaka kugombea urais, ataulizwa ameshika uraia upi, na jibu litatakiwa liwe kwenye karatasi.